Zimwi Linaloliwa na Watoto

Katika hadithi tulizosimuliwa utotoni, zimwi lilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kula watoto. Lilijificha msituni, au lilijigeuza kijana mtanashati, au lilimtia msichana ndani ya ngoma na kuzunguka naye kijiji hata kijiji likimwimbisha, lakini mwisho wa hila zake zote ulikuwa ni tumbo. Hata methali yetu inayolisifu kwa shingo upande, kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, haisemi kuwa halili. Yasema tu kwamba litakubakiza kidogo. Ndiyo maana nilistaajabu nilipoambiwa, katika uzee wangu huu, kwamba liko zimwi moja ambalo mambo yake ni kinyume kabisa. Hilo haliwali watoto. Watoto ndio wanaolila.

Jina lake ni Tropius. Hakutoka katika ngano za kwetu, bali ni mmoja wa viumbe wa mchezo wa Kijapani uitwao Pokémon, jina ambalo maana yake ni mazimwi ya mfukoni. Mchezo huo ulianza kuuzwa Japani mwaka 1996. Mwanzilishi wake, Satoshi Tajiri, alikuwa utotoni mwake mpenzi mkubwa wa kukusanya wadudu, na furaha ile ya mtoto anayetoka nyumbani mikono mitupu akarudi na kitu chenye uhai ndani ya kopo ndiyo aliyoitia katika mchezo wake. Mchezaji hutembea, hukutana na viumbe wa kila namna, huwanasa, huwafuga, huwapiganisha na wa wenzake, na hubadilishana nao. Tropius alikuja baadaye, mwaka 2002, katika michezo miwili iliyopewa majina ya vito, Ruby na Sapphire. Katika orodha kuu ya viumbe hao yeye ni wa 357.

Umbo lake ni la yule mnyama wa kale mwenye shingo ndefu na miguu minne minene, ambaye siku hizi kila mtoto anamjua kwa jina la dinosau. Mwili wake ni wa rangi ya udongo kama gogo. Kichwani amefunikwa na jani kama kofia, na mgongoni ameota majani manne mapana, ya kijani, yanayofanana sana na majani ya mgomba. Kwa majani hayo hupiga hewa akaruka. Kimo chake kimeandikwa kuwa mita 2, na uzito wake kilo 100. Waliomtunga wamemwandika katika makundi mawili kwa pamoja, kundi la mimea na kundi la warukao. Na chini ya kidevu chake, mahali ambapo jogoo huwa na ndevu, kunaning'inia chane ya matunda ya manjano. Mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa ni matunda gani. Ni ndizi.

Habari zake zimeelezwa ndani ya michezo yenyewe kwa sentensi chache chache. Zinasema kwamba Tropius alipenda matunda mno, akayala bila kukoma, mpaka matunda yenyewe yakamwota shingoni. Zinasema kwamba matunda hayo ni matamu, kwamba huzaa mara mbili kwa mwaka, na kwamba watoto wa nchi za joto za kusini huyala kama vitafunio. Basi, ndugu msomaji, tulia kidogo hapo. Katika mchezo ambao wengi wa viumbe wake husifiwa kwa moto wanaoutema na makucha wanayoyanoa, huyu anasifiwa kwa kuwa watoto wanakula shingoni mwake. Si bingwa wa vita. Tena wako viumbe wengi katika mchezo huo ambao wakikua hugeuka na kuwa kitu kingine, kikubwa na cha kutisha zaidi, Tropius hageuki. Alivyo ndivyo alivyo mpaka mwisho.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nami naishi Marangu katika kihamba alichoniachia baba yangu, mahali ambapo naye baba yake alimwachia. Kwa wasiojua, kihamba ni lile shamba la Mchaga linalozunguka nyumba yake: migomba na mibuni chini ya kivuli cha miti mirefu, masale mpakani, mfereji wa maji pembeni, na makaburi ya wazee humo humo. Habari za Tropius nilizipata kwa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, aliyezaliwa na kukulia Berlin. Alikuja kwetu kwa mara ya kwanza Desemba 2019, akiwa na umri wa miaka 11. Kiswahili alikijua, maana mama yake hakumwachia, ingawa alikitamka kwa namna ya kukatakata. Aliniamkia vizuri, akakaa kitako vizuri, lakini siku tatu za mwanzo hakula chakula chetu. Mtori aliutazama tu. Aliomba mkate.

Siku ya nne tulishuka mjini Moshi kununua mahitaji. Hapo karibu na mnara wa saa, mtoto alisimama ghafula, akainua simu yake, akapiga ukelele ambao uliwageuza wapita njia. Nilidhani ameibiwa. "Babu! Nimempata! Tropius!" Ndipo akanieleza kwamba tangu Julai 2016 kuna mchezo wa Pokémon wa simu unaomtaka mchezaji atembee kwa miguu yake mwenyewe mitaani, na viumbe hutokea kulingana na mahali alipo. Wengi wao hupatikana popote duniani. Wachache wamewekewa mipaka. Huyu Tropius kwa kawaida hupatikana Afrika na sehemu chache za jirani, na wenzake shuleni walikuwa wakimtamani bila kumpata. Kabla jua halijatua alikuwa amewanasa sita. Mmoja wake mwenyewe, watano wa kuwagawia marafiki, kwa sababu wakati ule kubadilishana hakukufanyika kwa mbali. Ilikuwa lazima mkae karibu karibu, mtu na mwenzake.

Nilimwomba anionyeshe. Nikaona kwamba katika maelezo ya kila kiumbe simu imeandika tarehe aliyonaswa na mahali aliponaswa. Hapo paliandikwa mji wetu na nchi yetu. Akaniambia kwamba hata akimpa mwenzake huko Berlin, maandishi hayo hayafutiki. Zimwi litakwenda, litabadilisha mwenyewe, lakini litaendelea kujulikana kuwa ni la Moshi, Tanzania. Sikusema kitu, lakini neno hilo lilinikaa.

Lilinikaa kwa kuwa nyumbani tulikuwa na shauri zito. Mdogo wangu alikuwa amekuja jioni ya jana yake kuniambia kwamba sehemu ya chini ya kihamba, inayopakana na barabara, ifyekwe tujenge vyumba vya kupangisha. Hoja yake ilikuwa na uzito wake. Kahawa haileti tena fedha iliyokuwa ikileta zamani. Migomba inataka samadi, samadi inataka ng'ombe, ng'ombe anataka mtu wa kukata majani, na vijana wote wamekwenda mjini au wamevuka bahari. "Kaka," aliniambia, "migomba hii unamtunzia nani? Huyu mgeni wako ndizi zenyewe hali." Tena aliongeza jambo ambalo kwa mila zetu ni kweli, kwamba mtoto wa binti hana fungu katika kihamba cha babu mzaa mama. Nilimwambia nitafikiri.

Tuliporudi kutoka mjini, mjukuu wangu aliniuliza swali. "Babu, Tropius anakula ndizi gani?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza aliloniuliza kuhusu mahali petu, na jibu lake lilichukua alasiri nzima. Nilimpeleka kihambani. Nilimwonyesha mshare, ambao ndio wa mtori, na ambao mama aliyejifungua hupikiwa ili apate nguvu na maziwa. Nilimwonyesha kisukari, ndizi fupi za ganda jembamba ambazo mtoto huzila zikiwa mbivu. Nilimwonyesha mkono wa tembo, ambao ndizi yake moja inamshibisha mtu, na nikamwonyesha zile tunazozitumia kwa mbege. Alishangaa kwamba kitu alichokijua kwa jina moja dukani kina majina mengi hivyo shambani.

Nikamweleza pia kwamba mgomba si mti. Kile tunachokiita shina ni majani yaliyokumbatiana, jani ndani ya jani, na ukiupasua hutaona ubao. Jani lake, linaloweza kupita mita 2 kwa urefu, hupasuliwa na upepo likawa vipande vipande, na huo si uharibifu. Jani lililopasuka huupisha upepo, na mgomba hauangushwi. Nilimwambia kwamba mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hufa, na machipukizi yaliyo miguuni pake hushika nafasi. "Basi Tropius ni tofauti," alisema. "Yeye huzaa mara mbili kwa mwaka na hafi." Nikamwambia ndiyo, hapo waliomtunga wamemhurumia. Kwetu mzazi hana bahati hiyo. Wazee wamesema mgomba haushindwi na mkunguwe, na ni kweli haushindwi, lakini tazama unavyoinama, na tazama miti tunayouegemezea.

Kisha nilimwuliza nami swali langu: inawezekanaje mmea ukaruka? Katika fikra zetu mti na ndege ni mifano miwili isiyokaa pamoja. Mti hukaa, ndege huenda. Aliyetulia kwao tunasema ameota mizizi, na aliyekwenda asirudi tunasema ameruka. Ni kweli kwamba baadhi ya mimea hurusha mbegu zake. Ganda la msufi hupasuka na upepo ukachukua sufi pamoja na mbegu, na mbegu ya mninga imezungushiwa utando kama bawa. Lakini mgomba hauna hata hilo, maana ndizi tunazokula hazina mbegu za kuota. Mgomba hauendi popote mpaka mtu aung'oe mche wake na kuubeba.

Na kumbe umebebwa. Ndizi si ya asili ya Afrika. Chimbuko lake ni Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya huko, na katika nchi ya Papua New Guinea wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta dalili za kilimo chake za miaka zaidi ya 6,000 iliyopita. Ilifika kwetu zamani mno, mikononi mwa watu ambao hawakuacha majina. Leo nani atamwambia Mhaya, au Mganda, au Mchaga, kwamba ndizi ni mgeni? Tumeitengenezea majina, mapishi, pombe na methali. Imekuwa ya kwetu, si kwa sababu ilianzia hapa, bali kwa sababu hapa ililishwa na hapa ililisha. Waliomwandika Tropius wa Afrika na ndizi shingoni walimpa tunda lililoruka bahari kweli.

Mjukuu wangu alikuwa na la kunijibu. Alisema shingo ya Tropius anaijua, ameiona. Walipelekwa na shule yao kwenye jumba la makumbusho la Berlin, liitwalo Museum für Naturkunde, na katika ukumbi mkubwa amesimama dinosau mwenye shingo ndefu, kimo chake kinazidi mita 13, na hapana mifupa mingine ya dinosau iliyosimamishwa duniani inayopita hiyo kwa urefu wa kwenda juu. Pale chini pameandikwa Tanzania. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, hiyo imetoka Tendaguru, kilima kilichoko Lindi. Wakati wa utawala wa Wajerumani, kati ya mwaka 1909 na 1913, mifupa ya miaka milioni 150 ilichimbuliwa hapo na mamia ya wafanyakazi wa nchi hii, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba kichwani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mtoto alinyamaza, kisha akauliza, "Walilipwa?" Nikamwambia walilipwa ujira wao, lakini mifupa haikurudi.

Sisemi kwamba Wajapani wale waliifikiria Tendaguru walipomchora kiumbe wao. Nasema tu jinsi mambo yalivyojipanga mbele yangu jioni ile. Shingo ya kweli iliyozaliwa kwetu iko Berlin, na mtoto wa Berlin amesafiri mpaka Moshi kuitafuta shingo ya kubuni. Mifupa husafirishwa, na ikifika huko husimama ikatazamwa. Mtu naye husafirishwa. Je, akifika husimama tu kama mifupa, au huzaa?

Lipo jambo jingine alilonifundisha mtoto yule. Katika michezo ile mikuu kila kiumbe ana cha kumwumiza na kisichomwumiza. Tropius, kwa kuwa anaruka, mapigo ya ardhi hayampati kabisa. Lakini barafu ni adui wa mimea na pia ni adui wa warukao, na yeye ni vyote viwili, kwa hiyo pigo la barafu humwumiza mara nne. Nilimfikiria binti yangu. Aliyeruka hagombanii ardhi. Ugomvi wa mipaka na vyumba vya kupangisha haumgusi. Lakini baridi humpata kwa pande zote mbili: huko ni mgeni, na huku ameanza kuitwa mgeni. Katika miaka ile yote sikupata kumsikia akilalamika. Ila najua kwamba kila mwaka huomba apelekewe unga wa ndizi, na kwamba mtoto wake, ambaye hakuwahi kukanyaga Marangu, aliniambia "shikamoo" bila kuambiwa. Alikuwa amelishwa. Kwa siku tatu tulitazama mdomo wake tu, tukasahau kutazama shingo.

Jioni ile mtoto alikula mtori. Hakuumaliza, lakini alikula. Kesho yake tuling'oa chipukizi moja, tukalipanda sehemu ya chini, karibu na barabara. Nilimwachia achague aina, akachagua kisukari, kwa sababu alisema hiyo ndiyo watoto wanaweza kula bila kupikiwa. Zimwi lake kwenye simu alilibadilisha jina, akaliita Kisukari.

Kwa mdogo wangu nilirudi na jibu. Sikumwambia kwamba mila si kitu, maana naiheshimu, na fungu la ardhi sikumpa mjukuu wangu. Nilimwambia kwamba ardhi ni jambo moja na tunda ni jambo jingine. Ardhi hugawanywa, na kila anayeongezeka humpunguzia mwenzake. Tunda kazi yake ni kuliwa, na wala halimwulizi mlaji kama ni mtoto wa mwana au wa binti. Tulikubaliana ajenge vyumba viwili kule pembeni mwa barabara, na migomba iliyobaki isiguswe nikiwa hai. Hakuridhika sana, nami sikuridhika sana, na katika mambo ya kihamba hiyo ndiyo suluhu ya kawaida.

Mwaka 2020 ulikuja na maradhi yake, safari zikafungwa, na mgomba ule ulizaa mwaka 2021 bila aliyeupanda kuwapo. Nilimpelekea picha. Mkungu wenyewe haukuiva sawasawa kwa pamoja, maana watoto wa jirani wanaopita kwenda shuleni waliuanza mapema, chane moja baada ya nyingine, na nilipomweleza hilo kwa simu alicheka sana. Aliona ni sawa kabisa. Walipokuja tena mwaka 2022 mgomba wa kwanza ulikuwa umekwisha kukatwa na kulishwa ng'ombe, na mtoto wake alikuwa amesimama mahali pake.

Wako wazee wenzangu wanaoona kwamba michezo hii inawapoteza watoto, na wapo watoto ambao kweli wamepotelea humo. Lakini mimi nimeona kwamba mtoto huingia katika mchezo na kile alichonacho. Wazazi wengi wananiuliza, kwa vile nilikuwa mwalimu, wafanye nini ili watoto wao wakiruka wasisahau kwao. Mimi huwauliza kwanza wanawalisha nini sasa hivi, wakiwa bado chini: wanawasemesha lugha gani mezani, wanawasimulia habari za nani, wanawapikia nini siku ya mvua. Hayo hayaonekani leo. Mtoto atayala bila kushukuru, na pengine atayatazama tu na kuomba mkate. Tumlishe hivyo hivyo. Siku moja, mbali na sisi, kitamwota shingoni, na watoto ambao hatutawajua watanyoosha mkono wachume.